Sitara Si Kumficha Mtoto kwa Daktari



Najua wengi wenu mnaingia hapa kutafuta mambo ya singo, piko na mishono ya nguo za akdi, na inshaAllah tutarudi huko. Leo naomba tukae kitako tuzungumze jambo jingine, ingawa nalo limeanzia kwenye singo. Nataka tuongee kuhusu uvimbe wa mifupa kwa vijana, ule usiokuwa saratani, na namna tunavyoufanya kuwa balaa kwa kuuficha.

Mwaka juzi tulikuwa tunamuoza mtoto wa dada yangu. Kwa hesabu zetu mtoto wa dada ni mwanangu, na mimi ndiye mama yake mdogo, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa ndani ya nyumba. Alikuwa na miaka 19. Siku ya pili ya singo somo yake alikuwa anamsugua miguu, polepole, kutoka vifundoni kwenda juu. Alipofika juu kidogo ya goti la kushoto, upande wa ndani, mkono wake ukasimama. Akaurudisha pale pale, akapapasa. Hakusema neno. Akamaliza kazi yake, akamfunika mwari kanga, kisha akanivuta uani.

"Bibi, mwari ana nundu gotini, ngumu kama jiwe. Nyinyi mnaijua?"

Mimi sikuijua. Mama yake aliijua tangu mtoto ana miaka 13. Aliwahi kumwambia jirani mmoja, na jirani akamwambia usiseme mbele za watu, mtoto wa kike huyo, nani atakuja kumposa? Basi dada yangu akafunga mdomo. Akawa anamkanda kwa mafuta ya nazi na kitunguu thomu usiku, mlango umefungwa. Miaka sita.

Tungeweza kuyamaliza kimya kimya, lakini chumbani mle kulikuwa na macho mengine. Kabla ya Magharibi habari ilishafika upande wa bwana harusi, na ilipofika ilikuwa imeshanenepa: bi harusi ana saratani ya mfupa, na watu wake wamemficha ili wapokee mahari.

Asubuhi yake tulimchukua mtoto, mimi na mama yake, tukampeleka hospitali. Akapigwa eksirei ya goti. Daktari akaiweka picha kwenye mwanga na kutuonyesha: mfupa wa paja umeota kijitawi, kama tawi la mpera linavyochomoza kwenye shina, kimeelekea juu, mbali na kiungo. Akasema jina lake ni osteokondroma, ndio uvimbe wa mifupa usiokuwa saratani unaoonekana zaidi kuliko wote kwa vijana. Akauliza kama bado unakua. Mtoto akasema umesimama tangu alipoacha kurefuka. Daktari akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama haumsumbui, uachwe. Ukianza kukua tena au kuuma sana, arudi.

Tukiwa njiani kurudi mtoto akaniambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma. "Mama mdogo, mimi nilijua nitakufa. Ndiyo maana nilikuwa nasema msininunulie vyombo vingi."

Miaka sita, dada zangu. Miaka sita mtoto analala na kifo chake kichwani, na jibu lilikuwa kwenye picha moja ya eksirei.

Nimemuomba ruhusa ya kuyaandika haya. Amesema niandike, ila nisimtaje jina.

Miaka ambayo hakuna anayeona

Nimekaa nikafikiri, inakuwaje nyumba yenye mama, shangazi, mabibi na madada isijue kuwa mtoto ana nundu gotini? Jibu nililopata ni hili. Mtoto akiwa mdogo tunamkosha sisi wenyewe, tunaona kila kovu la mwili wake. Akishavunja ungo anajikosha mwenyewe, anavaa nguo ndefu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kuanzia hapo hakuna mkono mwingine unaopita kwenye goti lake mpaka siku ya singo.

Na miaka hiyo hiyo ndiyo miaka ya mifupa. Uvimbe wa namna hii unapenda kutokea pale mfupa unaporefukia, karibu na ncha zake: juu na chini ya goti, na juu ya mkono karibu na bega. Mtoto anaporefuka nao unakua, na akimaliza kurefuka kwa kawaida nao unasimama. Wasichana wengi humaliza kurefuka kati ya miaka 14 na 16, wavulana huchelewa kidogo. Kwa hiyo unaanza, unakua na unasimama katika kile kipindi ambacho hakuna anayeuona.

Lawama si ya buibui. Lawama ni yetu tulioacha kuuliza. Mama anamuuliza binti yake kama ameswali, kama amekula, kama siku zake zimekuja. Ni shida gani kumuuliza pia, mwanangu, kuna pahala panakuuma? Kuna kitu kimeota mwilini mwako?

Aina zake ni nyingi

Jina "uvimbe wa mfupa" linatutisha kwa sababu tunadhani ni kitu kimoja, na kitu chenyewe ni saratani. Ziko aina nyingi, na zile zisizo saratani ndizo nyingi zaidi kwa watoto na vijana. Nitazitaja chache mnazoweza kukutana nazo majumbani.

Kuna kijitawi hicho nilichokisimulia. Wengi wanacho kimoja tu, na kugeuka kwake kuwa saratani ni nadra, kiasi cha mtu mmoja katika mia. Hukatwa pale kinapobana mshipa, kinapozuia kiungo kukunjika au kinapouma. Madaktari hupendelea kungoja mpaka mtoto amalize kukua, kwa sababu kikikatwa mapema kinaweza kuota tena.

Kuna doa ndani ya mfupa ambalo halina dalili yoyote. Mtoto ameanguka, anapigwa picha kwa ajili ya maumivu ya kuanguka, na doa linaonekana kwa bahati. Inakisiwa hata mtoto mmoja kati ya watatu huwa nalo na asijue, na kwa kawaida hufutika lenyewe akikua. Mama akiambiwa habari hii asianze kulia kabla daktari hajamaliza kusema.

Kuna mfuko wa maji ndani ya mfupa, zaidi kwenye mkono karibu na bega. Huu humfanya mtoto avunjike kwa kitu kidogo, kama kurusha mpira au kujigonga mlangoni. Ukiona mtoto amevunjika mfupa kwa jambo ambalo halikustahili kuvunja mfupa, uliza kwa nini.

Kuna uvimbe wa vidole, enkondroma, ambao ndio unaoongoza kwenye mifupa ya mkono. Bi harusi anaweza kuugundua pete isipoingia, au kidole kikivunjika kwa kugongwa kidogo. Huu nao mara nyingi hauna hatari, ila unahitaji kuonekana kwenye picha.

Na kuna mmoja ambao si saratani lakini ni mkorofi. Unawashika zaidi watu wazima vijana, kati ya miaka 20 na 40, na wanawake kidogo zaidi ya wanaume. Unakaa karibu na goti au kwenye kifundo cha mkono, unakula mfupa, na hata ukikwanguliwa unaweza kurudi. Nautaja ili tusije tukasema "si saratani" tukadhani maana yake "si kitu".

Maumivu ya usiku

Hapa nataka niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kuna uvimbe mdogo sana, haufiki sentimita mbili, unaitwa osteoidi osteoma. Kazi yake ni kuuma usiku. Mchana mtoto anacheza, usiku unaingia anashika mguu na kulia. Huwezi kuuona wala kuushika kwa mkono.

Sasa niambieni, katika nyumba zetu mtoto anayelia usiku kwa mguu usio na alama yoyote, tunasema ana nini? Tunasema kakanyaga pahala pabaya. Tunasema kapitiwa na upepo, kuna jicho la mtu, kuna jini. Mtoto anazungushwa kwa waganga, anafukizwa, anavalishwa hirizi, na mguu unaendelea kuuma.

Madaktari wanautambua uvimbe huu kwa dalili moja ya ajabu: maumivu yake yanatulia upesi kwa dawa za kundi la aspirini na ibuprofeni. (Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila ya daktari.) Ukithibitishwa kwa vipimo, unaweza kuchomwa kwa sindano maalumu inayopashwa moto, au kutolewa kwa upasuaji, na mtoto akalala.

Msomee mtoto wako, hilo sikukatazi. Msomee Fatiha na Kursi, umpulizie, umuombee. Kisha asubuhi mpeleke akapigwe picha. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu kujitibu alituamrisha tujitibu, na akatufundisha kuwa Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa. Dua na eksirei havigombani.

Kwa nini siwezi kunyamaza

Nilipokuwa skuli nilikuwa na mwenzangu mmoja, hodari wa nage kuliko sisi sote. Goti likaanza kumuuma. Tukasema ni mchezo. Nyumbani wakamkanda, wakamkanda tena, goti likawa linavimba wakasema wamkande zaidi, mishipa imekazana. Alipofikishwa hospitali ilikuwa imeshapita miezi mingi, na wa kwake ulikuwa ule wenyewe, saratani ya mfupa. Walimkata mguu. Hatukumaliza naye skuli. Allah amrehemu.

Saratani ya mfupa kwa vijana ni nadra, namshukuru Allah kwa hilo. Lakini nayo inapenda pale pale, gotini, na katika umri ule ule wa miaka kumi mpaka ishirini. Mkono wa mkandaji hauwezi kutofautisha hii na ile. Mkono wa mama hauwezi. Hata daktari kwa mkono wake hawezi, ndiyo maana anataka picha, na picha ikimtia shaka anataka kipimo kikubwa zaidi au kuchukua kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Kwa hiyo maoni yangu kuhusu kukanda ni haya: nundu ngumu mwilini mwa kijana isikandwe mpaka imepigwa picha. Kama ni kijitawi cha mfupa, mafuta hayatayeyusha mfupa. Kama mfupa umeliwa ndani ukawa mwembamba, unaweza kuuvunja. Na kama ni ile mbaya, umempotezea mtoto siku ambazo hatazipata tena. Mama zetu waliokanda hawakuwa na nia mbaya, na dada yangu alikuwa analia huku anakanda. Ila sisi tunaojua sasa hatuna udhuru.

Sitara na kuficha

Najua mtaniambia: bibi, dini imetufundisha sitara. Kweli. Mimi mwenyewe naipenda sitara, na kilichotokea nyumbani kwetu kilinifundisha thamani yake. Yule somo aliyenyamaza mbele ya watu akaniita uani, yule ndiye aliyemsitiri mtoto. Wale waliobeba habari mpaka nyumba ya bwana harusi walivunja amana. Mwari anapolala mbele yako na kanga moja, amekukabidhi mwili wake. Ulichokiona pale kina mtu mmoja wa kuambiwa, mama yake au aliyesimama badala ya mama.

Lakini sitara ni pazia baina ya mtoto na midomo ya watu. Tukilivuta pazia hilo mpaka likasimama baina ya mtoto na matibabu, tumekwishatoka kwenye sitara. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na walikuwa wanatusema sisi.

Kuna wanaoogopa kwamba binti atavuliwa nguo mbele ya mwanamume. Dada yangu, kwa matibabu inaruhusiwa kuonyesha sehemu inayohitajika, na una haki ya kuomba daktari au mpigaji picha mwanamke kama yupo. Ingia naye, usimwache peke yake. Mvalishe suruali pana ndani ya buibui, goti litaonekana na pengine pote pamefunikwa. Sisi tulifanya hivyo hivyo, na hakuna aliyetukatalia.

Na mtoto ambaye goti halimruhusu kukaa itahiyatu au kusujudu sawasawa, asikaripiwe chuoni. Dini imempa nafasi ya kuswali kwa kadiri anavyoweza, hata akiwa amekaa kwenye kiti. Walimu wa madrasa, mkiona mtoto anakaa upande kila siku, msimpige. Mwiteni mama yake.

Posa ikija, tuseme au tusiseme?

Hili najua ndilo mnalolisubiri. Maoni yangu: kwanza mjue wenyewe mna nini. Huwezi kumwambia mtu jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui. Ukiwa na jina la uvimbe na maneno ya daktari, unazungumza kama mtu mzima. Ukiwa na hofu tu, utaficha au utatisha.

Mkishajua, semeni kabla ya akdi, kwa utulivu, mzee kwa mzee au mama kwa mama. Haitakiwi hotuba. "Binti yetu ana uvimbe wa mfupa gotini, ameonekana hospitali, si saratani, haumzuii kitu." Mtume (S.A.W.) alimkemea mfanyabiashara aliyeficha chakula kilichorowa chini ya kikavu, sasa sisi tufiche katika ndoa? Katika madhehebu yetu ya Kishafii wanazuoni wametaja aibu zinazompa mtu khiari ya kuvunja ndoa, kama wazimu, ukoma na mbalanga. Nundu ya goti hamo. Basi wanaomwita msichana mbovu kwa ajili ya kijitawi cha mfupa wanasema yao wenyewe.

Pahala pamoja nasisitiza zaidi. Wapo wachache wenye vijitawi vingi, magoti yote, mikono, mbavu, na mara nyingi baba au mama anavyo pia. Hiyo ni ya kurithi, na kila mtoto atakayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa navyo, mume au mke. Haizuii ndoa, lakini mwenzako ana haki ya kujua, na wewe una haja ya daktari wa mifupa anayekufuatilia, kwa sababu kwa watu hawa hatari ya kimoja kugeuka kuwa saratani ni kubwa kuliko kwa mwenye kimoja. Na tusiwaache wavulana nje ya maneno haya. Mvulana mwenye nundu anaoa bila ya kuulizwa, msichana anapimwa kwa macho kama papai sokoni. Hiyo si haki.

Ukiona haya, nenda

Nundu ngumu inayokua, hasa inayokua haraka, au inayokua kwa mtu aliyekwisha kurefuka. Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku, au yanayoendelea hata akiwa amepumzika. Mfupa uliovunjika kwa jambo dogo. Kuchechemea kusikoisha, ganzi mguuni au mkononi, kiungo kisichokunjika. Homa au kukonda pamoja na uvimbe. Usingoje Ramadhani ipite, usingoje harusi ipite. Anza na hospitali iliyo karibu nawe kwa eksirei. Kama picha inataka mtaalamu, utaelekezwa, pengine mpaka Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Binti aliyeolewa karibuni aseme kama kuna uwezekano wa mimba kabla ya kupigwa picha. Na picha za zamani mzitunze, kwa sababu daktari anajua mengi kwa kulinganisha ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Namaliza na harusi yetu. Jioni ile tuliyotoka hospitali ami yake bwana harusi alikuja nyumbani. Sote tukajua anakuja kuvunja. Akakaa barazani, akanywa kahawa, akasikiliza maneno ya daktari mpaka mwisho. Kisha akasema, kijana wetu ana swali moja tu, je, goti linamuuma akipanda ngazi? Maana chumba walichotengenezewa kiko ghorofa ya tatu, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe mnazijua wenyewe. Kama linamuuma, watahamia chini.

Akdi ilisomwa Ijumaa ile ile. Chumba kimebaki ghorofani. Anapanda mwenyewe, na safari hii mtoto ni wa miezi mitano, yuko kiunoni.

Masomo na makungwi, mikono yenu inaona tusichokiona. Mama zangu, usiku huu mkae na mabinti zenu mwaulize. Nasi tusingoje singo.

Kama na wewe umepitia haya, niandikie, nitakusitiri. Allah awape shifaa watoto wetu wote, na atujaalie tuwe watu wa kusitiri bila ya kuficha. Amin.

Wabillahi tawfiq.